Ulivyokuja Kunichukua Ziwani Basotu

Kaka Boay,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuzungumza na wewe bila kukuamkia kwanza.

Nakukumbuka ukirudi likizo nyumbani Tumati kutoka mashamba ya ngano kule Hanang, nguo zako zikinuka dawa ya kunyunyizia. Mama hakukuruhusu kugusa chakula mpaka uoge. Ulinionyesha kwa kiganja jinsi ndege uliyoirusha ya kunyunyizia inavyopita chini kabisa juu ya ngano, halafu inavyopanda ghafla kabla ya kufika kwenye miti. Baba alijifanya anashughulika na ng'ombe, kumbe anasikiliza kila neno. Nilipoolewa Basotu ulifurahi kwamba sasa tutakuwa majirani. Kila ulipopita juu ya nyumba yangu ulitikisa mabawa, nami nilitoka jikoni nikapunga kanga.

Halafu ikaja masika ile iliyokata barabara. Uchungu ulikuwa umenishika siku ya pili na mtoto hatoki. Mume wangu akaja kwenu shambani kwa miguu kuomba msaada. Ndege yako uliyoizoea isingeweza kutua popote kwetu kwenye matope yale. Ilikuwepo ile ngeni iliyoletwa kwa majaribio, yenye maboya mawili kama mitumbwi, inayotua majini na nchi kavu. Rubani wake alikuwa Arusha. Wewe ulikuwa umeirusha mara mbili tu, yeye akiwa pembeni yako. Fundi wenu alikusihi umsubiri rubani huyo.

"Huyo ni mdogo wangu," ulimjibu. Ukampakia muuguzi, mkaondoka.

Nilikuwa nimelazwa kwenye kitanda kando ya ziwa, wanaume wanne walikuwa wamenibeba mpaka pale ndege ilipoanza kuzunguka juu ya ziwa. Niliwaona mkishuka. Niliona magurudumu yamechomoza chini ya maboya, nikamshukuru Mungu, maana sikujua kitu. Ndege ilipogusa maji ilijikwaa kama mtu aliyekanyaga shimo, ikapinduka, tumbo likawa juu.

Wavuvi walimtoa muuguzi, mkono wake umevunjika. Wewe walikutoa baadaye. Sikuruhusiwa kukuona. Trekta la shamba, lililokuwa likihangaika matopeni tangu asubuhi, likaja likatuvuta kwenye tela mpaka hospitali ya Haydom, na muuguzi yule, kalowa, alinishikilia kwa mkono wake mzima njia nzima. Alinisimulia kwamba muda mfupi kabla ya kutua ulimwambia asiogope, mnafika kwa mdogo wako. Binti yangu alizaliwa hai siku hiyohiyo.

Fundi alikuja msibani akatueleza. Kwenye maji magurudumu hukunjwa. Wewe kwa miaka yote ulitua ardhini, na hata mara zile mbili ulizoirusha ile ngeni mlitua nchi kavu, magurudumu yakishushwa kwanza. "Mkono wake ulifanya alichozoea," alisema, huku akilia. Baba akainuka, akatoka nje. Mpaka anakufa alisema ni ziwa lililokuchukua, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa naogopa swali moja: kama nisingekuwa pale kitandani, ungekuwa wapi leo?

Kaka, kwa miaka mingi nilikukasirikia. Nilisema moyoni, kwa nini hukumsikiliza fundi? Halafu nilijikasirikia mwenyewe kwa kuuliza. Mashamba yale yamebadilika sana, na watu wanaokukumbuka wamebaki wachache. Mwaka huu binti yangu aliniuliza ulikufaje, na safari hii sikumwambia habari za ziwa. Nilimwambia kwamba mjomba wake alikosea. Nilimwambia pia alikuwa anakwenda wapi alipokosea, na kwa ajili ya nani. Akaniomba nimpeleke kaburini kwako. Tulikwenda Jumapili. Alipiga magoti kwenye majani mabichi, akasema, "Shikamoo, mjomba," akainamisha kichwa kama mtu anayesubiri kuitikiwa.

Pumzika, kaka yangu.

Mdogo wako,
Paskalina