Chumvi ya Mama Katika Mkebe wa Anyisile

Mwaka umetimia, Anyisile, tangu homa ya siku nne ikuondoe mikononi mwetu, Agosti 1995. Hapa Bujonde bado tunakutengea sahani, halafu tunakumbuka.

Ulikuwa mtu wa kuuliza joto, hata la chungu cha wali. Likizo zako zote uliketi kwa mhunzi, na wakulima waliotoka kupima kokoa kwa wanunuzi wapya walikuzunguka, ukawaeleza kazi yako ya chuo kikuu: mhunzi anajua joto la chuma kwa rangi yake, nawe ulifanya hivyohivyo, ila chako kilikuwa cha moto mno, jicho haliwezi kukisoma. Mwanga mkali wa leza unapiga karatasi ya alumini nyembamba kuliko ganda la kitunguu, nayo inatoa eksirei kabla haijatoweka. Mnazipitisha kwenye fuwele, kijiwe angavu, zinajipanga mistari kwenye filamu, na kila elementi ina mistari yake. Hukumcheka aliyeuliza mara ya tatu.

Lakini habari ya mkebe hukutuambia. Tuliisikia siku ya matanga kutoka kwa Leonce, mwenzako wa masomoni Ulaya. Mama alikutumia usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa kwa chumvi, katika mkebe wa maziwa ya unga. Usipa ulipoisha ukauosha mkebe, ukahifadhi humo karatasi zako za alumini, maana kwetu mkebe mzuri hautupwi. Basi filamu zikaonyesha mistari ambayo alumini haina. Wakubwa wako wakafurahi, wakaanza kuandika kwamba wamegundua jambo jipya. Wewe ndiye uliyekwenda kuwaambia, "Hiyo ni chumvi ya mama yangu." Kazi ya mwaka mzima ikafutwa. Leonce alisimulia ili tucheke, na tulicheka.

Mama hakucheka. Tangu siku hiyo Mama Tukuswiga hakutia chumvi chunguni, akisema mkono wake ndio uliokuharibia. Tulimbembeleza, wapi! Mwaka mzima tumekula chakula cha mgonjwa, hata dada yako Naomi, unavyomjua kwa maneno, alikula kimya. Tuliogopa mama atazikwa na uchungu huo.

Mwezi uliopita mkeo Georgina alichoka, akamwandikia Leonce. Jibu lilipofika, Naomi alimsomea mama polepole, kwa Kinyakyusa. Kumbe baada ya kazi yako kufutwa uliomba jambo moja tu: karatasi zipakwe chumvi makusudi, kidogo, kwa kipimo. Alumini ikipata moto kupita kiasi mistari yake hufifia, haisomeki, lakini ya chumvi hubaki, na kwa hiyo ukapima joto. Hiyo ndiyo kazi iliyokupa shahada.

Mama aliuliza, "Kwa hiyo aliitaka?"

Naomi akamwambia ndiyo, aliitaka mwenyewe. Mama akainuka. Kisha akageukia upande wa kaburi lako, akakushukuru, "Ndaga, mwanangu," akaingia jikoni.

Wanaokukumbuka ni mama yako Tukuswiga, mkeo Georgina, wanao Gift na Vitus, dada yako Naomi na shemeji yako Ambrose, ndugu wa Talatala na wale wa ng'ambo ya Songwe. Hutatoka mioyoni mwetu siku zote za uhai wetu.

Usipa wa jioni ile ulizidi chumvi, Anyisile. Tuliumaliza wote.