Jani la Mahameli

Kilindoni, Mafia

Dada Zuhura, shikamoo. Natumai Lindi hamjambo nyote. Mie huku nimenenepa kwa samaki wa nazi.

Leo wanawake wa upande wa mume walikuja kumtazama Salma, binti wa shangazi. Unalikumbuka lile ua la chunguni aliloachiwa shangazi na mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, linalokaa ndani lisipigwe na jua? Sasa majani yake ni mapana kama sinia, laini kama mahameli. Mama wa bwana harusi, ambaye kwao wana duka la nguo, akadhani ni pambo la kitambaa. Akalifikicha jani kwa vidole, kama anavyojaribu nguo dukani. Likachanika!

Salma machozi yakamlenga, maana ua lile hata sisi haturuhusiwi kuligusa.

Shangazi akalitazama jani, akamtazama mgeni. “Dukani kwenu, mtu akichana nguo si huichukua? Haya, jani mmelichana, basi Salma ni wenu.”

Vigelegele hivyo!

Uje harusini, dada yangu. Ila usivae mahameli, shangazi atakumwagilia maji.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanahawa