Ukuta Usiosomwa

Bhopal,
maua ya mti wa mhua yanapoanguka.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naigusa miguu yako kutoka huku mbali, na vidole vyangu bado vimejaa rangi kama vile ulivyozoea kuvifokea. Goti linaendeleaje? Na yule nyati wako wa maziwa, ameshazaa? Mimi ni mzima, ila nimechoshwa na mkate wa ngano. Tumbo la sisi watu wa kabila la Rathwa bila mkate wa mahindi halitulii. Najua anayekusomea ni Kanku, binti wa kaka. Kanku, usiruke mistari. Msomee bibi yako yote.

Barua yako ilinifikia. Umesema wasichana wamekandika tena ukuta wa sebule kwa samadi na udongo mweupe, na kwamba kila mvua zikija unabanduka ukiningoja. Nilisoma nikalia, sikufichi. Nadhiri uliiweka wewe. Homa iliponiangusha huku, ulimwahidi mungu wetu Babo Pithoro kwamba nikipona utamweka ukutani kwako na farasi wake wote, na mkono wa kumchora utakuwa wangu. Nimepona, na mungu bado anangoja. Unasema hutaki kufa ukiwa umemdanganya.

Huku naheshimiwa, mama. Nimechora ukuta mzima wa jumba la sanaa: harusi ya Pithoro, mungu wa kike Rani Kajal, chui, kisima, mwanamke anayesuka maziwa atoe siagi. Siku ya kuufungua walikuja wakubwa wakavishwa mashada. Mkubwa wetu, bibi mmoja mpole, akasema kazi imekamilika, haijapungua kitu. Watu wakapiga makofi. Nami nimesimama pale na brashi mkononi, nangoja ngoma.

Nilikuwa namngoja kaka Khajan, mganga wetu. Nilitaka apandwe na mungu, atetemeke na upanga wake, apite mbele ya ukuta akiwataja mmoja mmoja, kisha asimame ghafla anifokee mbele ya kijiji kizima: wewe mzembe, fulani yuko wapi? Kwetu ukuta haujaisha mpaka mganga ausome, na mchoraji aongeze alichosahau. Huku uliishia kwenye chai na biskuti.

Tangu siku hiyo najua kuna aliyesahaulika, na simwoni. Naupitia ukuta kila asubuhi kabla wageni hawajaja, nahesabu farasi, natafuta. Ndiyo hivyo tena, nyani haoni kundule.

Ndiyo maana nilimtumia kaka ile picha ya ukuta, ausome akiwa huko. Jibu lake unalijua, maana naambiwa ulicheka hadi ukashika mbavu. Alisema ngoma zilipigwa, akaikodolea macho picha mpaka pombe ikaisha, na mungu hakuja. Mungu si karani wa posta, akaniambia, hafuati karatasi. Kama nataka kusomewa, niubebe ukuta wangu kichwani nije nao.

Sasa nikwambie nililokuficha. Kila mara nimekuandikia kwamba kazi imenibana. Si kazi, mama. Likizo nilipewa, nikajifungia chumbani. Ninaogopa. Wanunuzi wa huku wanapenda farasi mmoja juu ya karatasi, peke yake. Nimemchora huyo wa peke yake mpaka mkono umemzoea. Naogopa nisimame mbele ya ukuta wako, kaka awaite miungu, na huyu asiwepo, na yule asiwepo, nami nisijue hata pa kuweka brashi. Naogopa nadhiri yako iharibikie mkononi mwangu.

Lakini juzi yule bibi, mkubwa wetu, aliniita kwa furaha. Ukuta wangu utafunikwa kwa kioo, akasema, usiguswe tena milele. Alidhani nitashukuru. Nikashukuru, kisha nikaenda nyuma ya jengo nikalia kama mtoto. Yule niliyemsahau hataingia tena, mama. Watamfungia nje.

Kwa hiyo nakuja. Mzigo nimeshaufunga. Wasichana wakandike tena ukuta. Rangi tutazichanganya kwa maziwa ya nyati wako na pombe ya mhua, na mwambie kaka asiimalize kabla sijafika. Mwambie pia asinionee haya eti nimetoka mjini. Kila niliyemsahau amtaje kwa sauti, majirani wote wasikie, wacheke wakitaka. Nimesifiwa miaka mingi huku. Nina njaa ya kuambiwa kilichopungua.

Nisalimie kaka na nyumba yake, na wote wanaoota moto wetu jioni. Mahali pangu pale karibu na jiko asipakalie mtu. Kanku, ukifika hapa mpe bibi yako maji anywe, kisha rudi umsomee tena pale niliposema nakuja.

Ni mimi mwanao,
Titiyo