Wimbo wa Kijani Kilichoota

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini ulinifundisha kwamba mtu mzima haanzwi kwa ugomvi. Nimeshasalimia. Sasa nagombana.

Nimekasirika, Baba. Tangu Jumapili sijafungua kitabu hata kimoja, na unajua kwangu huo ni ugonjwa.

Unakumbuka ulivyonipa timu? Nilikuwa darasa la pili, nikakuomba jezi ya kijani kama yako. Ukakataa. "Mtu anashabikia pale alipojifunza kutembea," ulisema. "Mimi nilijifunzia Mkumbi, kwenye mibuni. Wewe umejifunzia mchangani hapa Lituhi." Ukaninunulia skafu ya bluu. Wewe Milimani, timu ya wakulima wa huko juu; mimi Mawimbi, timu ya wavuvi. Wakicheza, ambaye timu yake imefungwa anapara samaki. Mbele ya wageni uliniita "mpinzani wangu", nami nikaona aibu huku nafurahi.

Lituhi nzima ulikuwa peke yako na kijani chako. Vijana wa ufukweni walikuita "mgeni wa mlimani", na injini za boti zao ni wewe uliyezitengeneza. Ukipanda Mkumbi, ndugu zako walikuita "mla usipa", kwa dagaa wa ziwa letu. Ulicheka kote kuwili. Mimi nilinyamaza, kama kawaida yangu.

Siku ya kukuzika, vijana hao hao walichimba kaburi, maana ndiyo kazi ya majirani. Shimo lilipowafika kiunoni, watu wa Mkumbi wakashuka kwenye lori wamevaa kijani. Baba Mkubwa akasema, "Huyu ni wetu, analala kwetu." Wachimbaji wakatupa majembe. "Basi mbebeni, na shimo mlibebe!" Na jeneza lako liko juani, Baba. Juani! Mama ndiye aliyeamua, ukabaki hapa. Ndugu zako wakaondoka bila hata kunawa mikono. Ugali wa msiba ulipoa kwenye masufuria.

Nilidhani ubaya umeishia pale.

Jumapili Milimani walishuka kucheza hapa. Tulipofunga bao la pili, Zakayo, anayeongoza nyimbo zetu, yule yule aliyechimba kaburi lako, akaanzisha wimbo mpya. Ngoma ilikuwa tamu, nikaitikia. Baba, niliimba. Niliimba mara mbili nzima kabla maneno hayajaniingia: "Shabiki wenu tunaye, kalala kwetu, kijani kimeota juu yake!" Upande wa pili wakajibu, "Kaeni naye, msaliti huyo!" Baba Mkubwa alikuwa katikati yao. Hakuimba. Wala hakumnyamazisha mtu.

Mpira ulipoisha nilimfuata Zakayo. Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza swali natazama dawati. Nikamwambia, "Huyo mnayemwimba ni baba yangu." Akacheka. "Dada, si mpira tu? Mzee mwenyewe angecheka."

Ni kweli, ungecheka. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ulicheka mno, Baba, wakadhani huumii. Na mimi niliyejua kwamba ukifika nyumbani unakaa kimya mpaka chai inapoa, sikuwahi kuwaambia.

Jumamosi ni marudiano, Mkumbi. Ninakwenda. Nitavaa skafu yangu ya bluu na nitakaa upande wa kijani, kando ya Baba Mkubwa, pale ulipokuwa ukikaa wewe. Nitampa shikamoo yake. Kisha nitamuuliza, wote wakisikia, lini atakuja kula ule ugali. Zakayo akianza wimbo wake nitasimama. Sijui nitasema nini. Lakini sitaimba, na sitakaa.

Lala salama, mpinzani wangu. Jumapili tuliwafunga mawili bila. Nilirudi nyumbani, nikakuta samaki, magege, wamewekwa kwenye beseni wanakusubiri wewe uliyefungwa. Nikachukua kisu, nikawapara mwenyewe, na skafu shingoni.

Jumamosi pia nitapara mimi, tushinde au tufungwe. Lakini kijani chako sitaacha mtu akifanyie wimbo tena.

Mwanao,
wa Mawimbi.