Ukuta Nilioupaka Chokaa

Kwako Baba Saru,

Huku Wusi mvua imeanza, na sebule yako inavuja palepale, juu ya kile kiti ulichokuwa ukikisogeza badala ya kuziba bati. Bado nakisogeza. Barua zangu za kwanza baada ya mazishi yako niliziweka chini ya mto, zikaishia hapo. Hii nataka isomwe na kila mtu, kwa sababu watu wanawalaumu akina mama wa chama chetu kwa kosa lililoanzwa na mkono wangu.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya ukuta ule? Nyumba aliijenga babu yako kwa mawe, ya kwanza huku kuwa na vioo madirishani, na watu walijifunzia kusoma ndani yake kabla shule haijajengwa. Basi wewe, mwalimu wa muziki, ukaona ni haki yako kuendelea kuandika. Ulitoka jikoni na kipande cha mkaa, ukajaza do re mi zako kutoka mlangoni hadi kwenye kona. Nikikwambia karatasi zipo, unanijibu, "Karatasi nitaipoteza, Mama Saru. Ukuta nitaupoteza vipi?" Mamako alipotutembelea aliwachapa watoto, akidhani ni wao waliouchafua. Ukawaacha wachapwe, mwoga wewe.

Opera, mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho. Neno hilo ulirudi nalo kutoka chuo cha ualimu, ambako kwaya yenu iliimba vipande vyake, na likakukaa kama homa. Majirani waliiita mchezo wa Mwalimu wa kulia kwa sauti nne. Yako ilikuwa hadithi ya mwanamke wa milimani ambaye mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu kwenye vita vikuu vya kwanza, kule Salaita. Kila juma anashuka stesheni ya Voi kumngoja. Kila wimbo, isipokuwa wa mwisho, niliuimba wa kwanza mimi, nikimenya ndizi, nawe unagonga meza kwa mwiko. Nilikuuliza mara ngapi, "Sasa huyu mume anarudi ama harudi?" Ukacheka tu. "Wewe ni alto, sauti ya pili. Alto ni kama ukuta, haiulizi maswali, inashikilia wenzake. Utasikia siku ya siku."

Siku ya siku imefika ukiwa kaburini.

Mwaka huu kamati ya kijiji iliona nyumba isipokarabatiwa itaanguka. Ufa wa upande wa mlima sasa unameza mkono mzima. Aliyeleta wazo la onyesho ni Wafula wa shamba la mkonge, yule uliyesema koo lake limefungwa injini ya treni. Akasema yeye na waimbaji wenzake waiimbe opera yako kwenye ukumbi pale Voi, kiingilio kiingie kwenye nyumba. Nikampa daftari lako. Nililipangusa vumbi miaka yote hii, wala sikuwahi kulifungua mpaka ukurasa wa mwisho.

Kisha tukaambiwa kuna ofisa wa mambo ya kale anakuja kutoka Nairobi kuitazama nyumba. Akiridhika, atatusaidia kuitengeneza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe unatujua wanawake wa huku tukiambiwa mgeni anakuja Alhamisi. Niliwaita akina mama, wakaja na chokaa, ndoo na brashi. Mama Righa alisimama mbele ya ukuta, akasita.

"Na haya maandishi ya Mwalimu tuyafanyeje?"

"Yote yako kwenye daftari," nikamwambia. "Tuoshe."

Akaendelea kusita, nikachukua kitambaa nikaanza mwenyewe. Tuliosha kwa sabuni kwanza, kama watu wenye adabu, ndipo tukapaka. Nitakwambia ukweli kwa kuwa huwezi tena kuninunia: nilifurahi. Nilishinda ugomvi wa miaka thelathini, na sikuwa na wa kumringia.

Wafula alifika alasiri hiyo, chokaa haijakauka. Alisema hodi huku ameshaingia, daftari mkononi.

"Mama, hii kitabu imeisha katikati. Hapa chini Mwalimu ameandika, 'Wimbo wa mwisho uko ukutani, sebuleni.' Nimekuja kunakili."

Kisha akauona ukuta. Akakaa kwenye kiti chako, akalishika daftari kwa mikono miwili. "Ni sawa tu, Mama," akasema. Mtu akikwambia hivyo kwa sauti ile, ujue umemuua. Nilichukua kijiko nikakwangua chokaa. Chini yake palikuwa peupe vilevile. Maji yakimwagika hayazoleki, nami niliyamwaga kwa ndoo, na sabuni juu.

Alhamisi ofisa alikuja, binti mdogo mwenye heshima. Alizunguka nyumba, akapiga picha, akaniuliza, "Ule ukuta wa muziki uko chumba gani, mama? Nyumba za mawe tunazo nyingi. Huo ndio niliokuja kuuona." Nilimwonyesha. Alikunywa chai yote, akasifu usafi wangu. Hajatuma neno hadi leo.

Onyesho lilifanyika. Waliimba vizuri, Baba Saru, ungelia. Walifika pale mwanamke amesimama stesheni, treni inaingia, naye anauliza, "Ni wewe?" Hapo ndipo daftari linapokatika. Wafula alikuwa nyuma ya pazia, amevaa matambara ya mchukuzi wa mizigo, hajui kama atoke au asitoke. Hakutoka. Watu walingoja, wakatazamana, kisha wakapiga makofi wakidhani ndiyo imeisha. Kilichopatikana kilikwisha kwenye kukodi ukumbi na viti.

Sasa ndugu zako wanataka nyumba ibomolewe, mawe yagawanywe. Zamani ningewatimua kwa mwiko. Saru ananiita Nairobi, naona nitakwenda. Sina tena la kuwaambia watu ili nyumba hii ibaki.

Juzi maji yaliingia nyuma ya lile kabati zito alilolileta Saru baada ya mazishi. Siku ya kupaka lilitushinda kusogeza, tukapaka kulizunguka. Nikalitoa vitu vyote, nikalisukuma kwa mgongo. Nyuma yake pamebaki mstari mmoja wa mkaa, mwandiko wako, na mwanzoni umeandika "Alto". Hauna maneno. So, so, so, so, la, so.

Nimeuimba mchana kutwa, peke yangu, nimesimama pale ulipokuwa unanisimamisha. Sauti bado ninayo. Lakini alto peke yake haisemi kitu, wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania hivyo, na siwezi kujua kama yule mume alirudi.

Lala, Baba Saru. Maji yamefika kwenye mstari.

Mimi mkeo,
Mama Saru