Msomaji wa Baba

Shuleni, Kisii
13 Septemba 1970

Mpendwa dada Kemuma,

Pokea salamu, uzigawe kwa Baba, Mama na mdogo wetu Bochaberi, ubaki na fungu kubwa. Mimi ni mzima, ila maharagwe ya hapa yana wadudu wengi kuliko maharagwe yenyewe. Miguu ya Baba inaendeleaje na mvua hii?

Nina shida. Mwalimu Machogu, anayetufundisha Kiswahili hapa Kidato cha Pili, anataka kila mtu asimame mbele ya darasa atoe hotuba ya kuwashawishi wenzake. Tulichota vikaratasi kwenye kofia yake ili kujua nani atatetea nini. Changu kinasema: "Darasa la saba linamtosha msichana." Nilimwomba nibadilishe, akakataa kabisa. Anasema anayetetea analolipenda hajifunzi kitu.

Sasa nitasema nini, nami nakungoja ufanye mtihani wako Novemba uingie sekondari? Tafadhali muulize Baba wazee wanafikiriaje, kisha uniandikie. Usicheke.

Kaka yako,
Obwocha


Nyaramba
20 Septemba 1970

Kaka Obwocha,

Sisi hatujambo. Miguu ya Baba imepona na sasa hatupumziki. Mama anasema ule maharagwe na wadudu wake, ni nyama hiyo.

Nimecheka, samahani. Nilimuuliza Baba tukichuma chai. Kwanza alinitazama kama nimemuuliza rangi ya upepo, akasema hajawahi kukaa akaliwaza jambo hilo. Halafu akaanza kuliwaza, na hakunyamaza mpaka vikapu vikajaa. Anasema anayemsomesha binti anapalilia chai ya jirani. Anasema msichana akisoma sana anapata mdomo. Akasema tena, "Wewe unajua kusoma barua, unajua kusoma Biblia, unajua chenji ya sokoni. Hiyo ingine ni ya nini?" Hilo la mwisho ndilo zuri, lishike.

Mimi nimeongeza langu: waambie msichana wa darasa la saba anaweza hata kumwandikia kaka yake hotuba. Ukishinda kwa maneno yangu uniletee zawadi. Nampa barua hii Mama Orpah, anapeleka ndizi soko la Daraja Mbili, atakupitishia.

Dadako,
Kemuma


Shuleni, Kisii
4 Oktoba 1970

Mpendwa dada Kemuma,

Natumaini barua hii itawakuta na afya, maana mimi siko duniani, niko juu! Nimeshinda darasa zima.

Nilisimama mbele. Nikatoa barua yako mfukoni, nikawasomea kipande, kisha nikasema: "Aliyeandika haya ni dada yangu wa darasa la saba. Anasoma, anaandika, anahesabu. Niambieni nyinyi mnaojua, anakosa nini?" Dada, ungewaona! Wakapiga makofi mpaka darasa la jirani likaja dirishani. Mwalimu Machogu alinipa kalamu ya wino. Naituma kwako kwa mkono wa Mama Orpah, utaandikia ukifika Kidato cha Kwanza.

Hotuba yenyewe nimeinakili, imo humu. Msomee Baba. Kusoma hajui, lakini Kiswahili alikichota kwenye mashamba ya chai Kericho, atafuata kila neno. Afurahi kwamba karo yake haipotei.

Kaka yako mshindi,
Obwocha


Nyaramba
13 Oktoba 1970

Kaka,

Salamu. Sisi ni wazima kwa mwili. Kalamu nimeipata, ni nzuri.

Hotuba nilimsomea Baba siku ile ile. Nilisoma kwa madaha, nikiinua mkono kama nilivyodhani uliinua wewe, na Mama akacheka. Baba hakucheka. Akaniambia nirudie pale pa "anakosa nini". Nikamweleza ni mashindano ya shule, ulichota karatasi. Akasema, "Mtu hawezi sema vizuri hivyo kitu haamini."

Tangu siku hiyo kila mgeni akija naitwa nisome. Nimewasomea wazee wa kanisa. Jumapili alikuja mzee mmoja, Nyangau wa Masimba, na mwanawe. Nikasoma nikijua sauti yangu ni nzuri, nikijua wanasikiliza. Walipoondoka Mama akaniambia walikuja kunitazama mimi.

Mwalimu wangu Ongeri alikuja kumsihi Baba aningoje nifanye mtihani. Baba akamjibu kwamba mwanawe wa sekondari amesema mbele ya walimu wake na wakampigia makofi, yeye ni nani abishe. Kaka, andika upesi. Naogopa.

Dadako,
Kemuma


Shuleni, Kisii
18 Oktoba 1970

Kemuma dada yangu,

Sina salamu, nina haraka. Ndani mna barua ya Baba. Nimeandika wazi: sikuamini hata neno moja la hotuba ile, nilipewa tu upande. Nimemwambia darasa la saba halitoshi, kwamba una akili kunishinda, kwamba nikimaliza shule nitakulipia mwenyewe. Nimempigia magoti kwenye karatasi. Msomee leo leo.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa ya siku mbili. Akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Akasema nirudi darasani, na nikitoroka nisirudi tena.

Kaka yako,
Obwocha


Nyaramba
27 Oktoba 1970

Kaka,

Hujambo? Nimemsomea.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaichukua barua mkononi mwangu. Akaigeuza mbele na nyuma, akaileta karibu na macho, akaitazama muda mrefu. Akasema, "Hii maneno ni yako. Unajisomea unayotaka." Nikaapa. Nikamwonyesha sahihi yako kwa kidole. Akasema Obwocha hawezi kugeuka hivyo kwa wiki mbili, yeye anamjua mtoto wake.

Nikamwomba ampe Mwalimu Ongeri asome. Akasema Ongeri yuko upande wangu, naye atasoma ninavyotaka. Wazee wa kanisa je? Akasema mambo ya nyumba yake hayatasomwa na watu wa nje. Nikamwomba angoje ufunge shule Desemba, akasema Nyangau hatangoja. Mama aliendelea kumenya ndizi. Nilimtazama, naye hakuinua macho.

Barua ameifungia ndani ya sanduku lake la bati. Ng'ombe wa mahari wanakuja wiki hii. Baba anasema ni wako, utaolea wewe, kama ilivyo desturi. Alisema hivyo kwa furaha, Kaka. Anadhani amekufanyia wema.

Siwezi kumkasirikia. Nimemsomea barua zote tangu nilipojua kusoma, na sijawahi kumdanganya hata koma.

Dadako,
Kemuma


Shuleni, Kisii
1 Novemba 1970

Dada,

Sijui niandike nini. Nikimwandikia Baba tena, ni wewe utakayesoma. Nikimwandikia mtu mwingine, Baba hatamsikiliza. Nimekaa na karatasi tupu tangu asubuhi. Wenzangu bado wananiita Wakili.

Hao ng'ombe siwataki. Nijibu, hata neno moja.

Kaka yako,
Obwocha


Masimba
9 Januari 1972

Kaka Obwocha,

Salamu baada ya siku nyingi. Mimi sijambo, na binti yangu Tryphosa ana miezi mitatu. Mume wangu si mtu mbaya. Barua zako nne nilizipata, nikazisoma, nikazirudisha ndani ya bahasha. Usinilaumu. Sikuwa na la kusema ambalo lingekusaidia.

Nasikia hujarudi nyumbani tangu wakati ule, kila likizo unakwenda kuchuma chai Kericho. Baba huuliza. Hao ng'ombe bado wapo, hajamgusa hata mmoja.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwonyesha Baba mtoto. Bochaberi anaingia darasa la nne, siku hizi ndiye anayemsomea. Tulipokuwa tumekaa, Baba akafungua sanduku la bati, akatoa ile barua yako. Akampa Bochaberi, akasema, "Soma."

Alisoma polepole, akikata maneno, kidole juu ya mstari. Kaka, ilikuwa neno kwa neno. Pale pa magoti, pale pa kunilipia karo, pote. Alipomaliza Baba akamwambia arudie, akarudia. Baba akanitazama mimi, akamtazama mtoto mapajani mwangu.

"Ilikuwa kweli," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Nikamfunga Tryphosa mgongoni, maana basi la kurudi halingojei. Nilipofika mlangoni nikasikia Bochaberi anauliza kama amesoma vizuri, naye Baba anamjibu kwamba amesoma vizuri kama dada yake.

Naandika kwa ile kalamu yako. Bado ina wino, sikuwa na pa kuutumia.

Bochaberi ana miaka mitatu tu afike darasa la saba. Nakuomba jambo moja, na sitakuomba lingine. Usimwandikie Baba. Panda gari uje nyumbani, uketi mbele yake, umwambie kwa mdomo wako.

Dadako,
Kemuma