Vidonge vya Mama

Mdogo wangu mtaalamu,

Karibu nikuamkie shikamoo, ingawa nilikubeba mgongoni, maana mtu anayehojiwa redioni si mdogo tena.

Hapa tumo. Bomba la jikoni bado linavuja, na cherehani yangu imepata mkanda mpya.

Tulikusikiliza wote. Ulisema kinga ya mwili ikiugeuka mwili huitafuna tezi ya shingo, na kwamba vidonge ni kupogoa matawi tu. Nyinyi mtarekebisha jeni na kung'oa mzizi. Fundi wa maneno wewe! Ulipoulizwa nani amepona, ukakohoa, ukasema, "Matokeo yanatia moyo." Majirani wakapiga makofi. Mimi niliendelea kuosha vyombo.

Mama, kama kawaida yake, alikuamini. Kesho yake akaacha vidonge vyake vya tezi. "Mwanangu ameshapata dawa," akaniambia, "ya nini tena kupogoa?" Huu ni mwezi wa tatu. Jua la saa sita mchana linamkuta ndani ya mablanketi mawili, uso umevimba, na jana aliniita kwa jina la marehemu shangazi. Daktari wake amemsihi, nami nimemsihi. Anasema tunakuonea wivu.

Muuguzi wa zahanati alinisomea makala yako. Waliopona ni panya kumi na mmoja. Hongera zao.

Usitume picha tena, wala salamu. Njoo ukae kando ya kitanda chake, umwambie kwa kinywa chako kwamba ni panya. Akisikia kwangu hataamini.

Ni mimi dada yako,
mwenye wivu.